Askari Mbele ya Glasi na Bendi

Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka na barua za ruhusa zikishatiwa sahihi, askari wetu wengi huelekea mjini. Wako wanaokwenda kuwaona wazazi, wako wanaokwenda sokoni kuwanunulia watoto viatu, na wako, tena si haba, wanaokwenda kukaa mahali penye bia na muziki. Hatuoni haya kulitaja jambo hili katika ukurasa huu, maana askari ni binadamu, na binadamu akishafanya kazi hana budi apumzike. Swali letu si kama askari anakunywa au hanywi. Swali letu ni hili: akiisha kukaa kitini, glasi i mbele yake na bendi inapiga, je, wananchi waliomzunguka wanastarehe pamoja naye, au wanahesabu dakika mpaka aondoke?

Hivi karibuni, usiku wa Jumamosi, tulikuwa maafisa watatu katika baa moja ya kando ya jiji la Kampala. Tulivaa nguo za kiraia, na silaha zetu tulikuwa tumeziacha ghalani kambini. Bendi ilikuwa na magitaa mawili, besi, ngoma na saksofoni, na ilikuwa ikipiga nyimbo za zamani ambazo wazee huzipenda na vijana wamerithi. Walikuwapo mafundi, walimu, madereva wa bodaboda, na akina mama wa sokoni waliofunga vibanda vyao mapema ili waje wacheze. Watu walikuwa wamechangamka.

Jirani na meza yetu walikaa vijana wawili ambao, kwa ukataji wa nywele na viatu vyao, tuliwatambua mara moja kuwa ni wenzetu. Mmoja wao, baada ya chupa kadhaa, aliinuka akaenda mbele ya bendi, akamwamuru mwimbaji aukatize wimbo na apige ule autakao yeye. Mwimbaji akamjibu kwa adabu kwamba wimbo huo utafuata. Hapo yule kijana akapeleka mkono kiunoni, mahali inapokaa bastola.

Bastola haikuwapo, lakini mkono ulitosha. Saksofoni ilinyamaza. Akina mama walishika mikoba yao, na viti vikaanza kuburutwa. Mwenzake, aliyekuwa sajini, aliinuka upesi akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini, "Koplo, hapa si lindoni. Twende." Alimtoa nje, akarudi peke yake, akalipa hesabu ya wote wawili, kisha akamwomba radhi mwimbaji mbele ya watu. Bendi ikaanza tena, lakini nyimbo mbili zilipita uwanja ukiwa mtupu.

Mzee mmoja aliyekaa mezani kwetu, asiyejua sisi ni nani, alitazama chini akasema, "Mkono ule niliuona zamani, wanangu." Hakuongeza neno. Wala sisi hatukuwa na la kumjibu.

Tumeyatafakari sana maneno hayo machache. Mzee yule ni wa rika lililoishi katika miaka ya utawala wa Idi Amin, toka 1971 hadi 1979, na katika misukosuko iliyofuata. Nyakati hizo gari la askari likisimama mbele ya baa, mwenye busara alitafuta mlango wa nyuma. Wako askari waliokunywa wasilipe, waliochukua gari la mtu kwa kuwa limewapendeza, na waliomwondoa mtu na mtu yule asionekane tena. Askari wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Lakini raia hawasomi tarehe za kuzaliwa kwetu. Wanasoma mkono wetu unapokwenda kiunoni. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ndiyo maana waliopigana vita vya msituni, vilivyokwisha kwa kutekwa kwa Kampala mwezi wa Januari 1986, walijiwekea kanuni kali za mwenendo. Kanuni hizo zilimkataza mpiganaji kumtukana au kumpiga raia, zikamwamuru alipe taslimu kila anachochukua, hata kama ni ndizi mbivu au kipande cha muwa. Kadhalika zilikataza pombe mpaka mapambano yatakapokwisha, na kunywa katika mabaa zikakukataza kabisa. Waliozitunga walijua kwamba jeshi laweza kushinda mapigano porini na kushindwa mbele ya kaunta ya baa. Vita vile vimekwisha, na askari wa leo hupata ruhusa na kwenda mjini kama watu wengine. Lakini aliye zamuni au katika operesheni kwake hakuna glasi, na aliye rasmi mapumzikoni huenda mjini akiichukua ile nusu ya pili ya kanuni: kulipa, na kumheshimu raia.

Basi askari anywe namna gani? Twadhani jibu halihitaji kuletwa kutoka ng'ambo. Limekaa ndani ya chungu cha malwa.

Pombe ya ulezi, tuuitao wimbi, ambayo ndugu zetu Wateso huiita ajono na watu wa Kampala huiita malwa, hutengenezwa kwa subira. Unga huovywa kwa maji ukachacha, kisha hukaangwa na kuanikwa. Halafu hutiwa kimea na maji, ukaachwa uchachuke upya. Wakati wa kunywa, chungu huwekwa katikati, hutiwa maji ya moto, na wanywaji hukaa duara, kila mmoja na mrija wake mrefu. Hapo hapana wa kunywa mbio, maana wote wanavuta katika chungu kimoja na kila mmoja anamwona mwenzake. Maji hupunguka, huongezwa mengine, na mazungumzo huendelea. Mkubwa ana mahali pake na mdogo pake. Mwenye kupuliza povu ndani ya chungu huonekana hana malezi. Vikundi vingi vya malwa mjini vina mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Vina faini kwa mwenye kutukana, na akiba ya kumsaidia aliyefiwa. Askari yeyote akivitazama vikundi hivi atatambua jambo analolijua tangu siku ya kwanza ya mafunzo, yaani nidhamu. Na hiyo ni nidhamu ya raia waliojipangia wenyewe bila kupigiwa filimbi.

Tonto ya ndizi nayo ina somo lake. Ndizi za pombe huivishwa, hukamuliwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, juisi yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku moja au mbili pombe huwa tayari. Hainunuliwi ikawekwa kabatini mwaka mzima. Hunyweka ikiwa hai, katikati ya watu, na kijiji chote hujua nani kaitengeneza na nani kaharibu.

Bia ya chupa ilitufikia baadaye. Kiwanda cha Port Bell, kando ya ziwa, kilianzishwa mwaka 1946, na kile cha Jinja mwaka 1951. Majina ya Bell na Nile Special yamezoeleka hata kwa wasioonja. Mwaka 2002 kiwanda cha Jinja kilianza kutoa bia ya Eagle, iliyopikwa kwa mtama wa mbegu iitwayo Epuripur, iliyotokana na utafiti wa kilimo wa Serere. Wakulima wengi wakapata soko la mazao yao. Kwa hiyo anayeinua chupa anainua pia jasho la mkulima. Si kitu cha kumiminwa kooni kama maji ya mtaro.

Tunawasihi wenzetu wajifunze kuonja. Kuonja si maringo ya matajiri. Mimina bia katika glasi, utazame rangi yake na povu lake. Inuse kabla ya kunywa. Chukua funda dogo, liache ulimini kidogo, na utautambua utamu wa kimea na uchungu wa hopsi. Ukionja bia ya mtama baada ya ile ya shayiri, utaona kwamba hazina ladha moja. Kwetu mhudumu huuliza, "Baridi au ya moto?" na wako wanaowacheka wanaotaka ya moto. Wasichekwe, maana baridi kali huificha ladha, na mara nyingi mwenye kunywa ya moto ndiye anayejua anachokunywa. Mwenye kuonja namna hii hukaa na chupa moja wimbo baada ya wimbo, na asubuhi hukumbuka nyimbo zote.

Anayeona haya ni maneno matupu na apige hesabu. Chupa ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi, yaani gramu 20 hivi. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja basi huchukua saa mbili na zaidi kutoka mwilini. Askari aliyekunywa chupa nne kuanzia saa 2 usiku hadi saa 6 usiku ana gramu 80 za kuondoa. Kwa mwili wa kasi kazi hiyo itakwisha saa 10 alfajiri, na kwa mwili wa pole itapita saa 1 asubuhi. Paredi ya saa 12 itamkuta huyu wa mwili wa pole bado ana kileo mwilini, hata kama ameoga maji baridi na kunywa kahawa, kwani maji na kahawa haviharakishi kitu. Huyo ndiye atakayepewa bunduki yenye risasi, au usukani wa lori lenye wenzake thelathini. Na ndugu zetu wa polisi, wanaosimama barabarani na kile kipimo cha pumzi ambacho wananchi wamekibatiza Kawunyemu, watakuwa na uso gani wa kumpima dereva ikiwa pumzi yao wenyewe inanuka?

Tukija kwenye muziki, ni wajibu tukumbushane kwamba askari na bendi si wageni. Ngoma ya beni ya pwani, iliyochukua jina lake kwa neno bendi, ilizaliwa kwa kuiga tarumbeta na gwaride za wanajeshi. Na katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliieneza mpaka bara. Katika Vita Vikuu vya Pili jeshi la King's African Rifles lilikuwa na kikundi chake cha burudani, na vijana waliopigia askari wenzao magitaa vitani waliendelea kuyapiga mjini Nairobi baada ya amani. Jirani zetu wa Tanzania, katika miaka ya 1970 na 1980, walikuwa na Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya jeshi, Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Magereza Jazz; raia walilipa kiingilio kwa hiari yao kwenda kucheza mbele ya askari. Hebu tulipime jambo hilo. Kuna askari ambaye raia humkimbia akiingia ukumbini, na kuna askari ambaye raia humlipa ili aendelee kupiga.

Hapa kwetu, mwaka 1975, wanamuziki waliotoka katika bendi ya Cranes waliunda Afrigo Band. Moses Matovu, mwimbaji na mpuliza saksofoni, alikuwa mmoja wao, na bendi hiyo ilitimiza miaka 50 mwaka 2025. Tuutazame mwaka wa kuzaliwa kwake: 1975, katikati ya utawala ule tulioutaja. Tawala zimepita, vita vimepita, na bendi ikaendelea kupiga. Mtu aliyepiga muziki katika miaka ile alipiga akijua ni nani huenda ameketi gizani. Kijana wa leo anapomwamuru mwanamuziki akatize wimbo, hajui anagusa kidonda cha namna gani.

Tena mwanamuziki wa baa ni mfanyakazi. Hufika mchana kubeba spika na kujaribu nyaya. Hupiga mpaka usiku wa manane. Hugawana na wenzake kilichopatikana, na mara nyingine kilichopatikana ni nauli tu. Ugonjwa wa korona ulipoingia, mabaa yalifungwa mwezi wa Machi 2020, yakaja kufunguliwa rasmi mwezi wa Januari 2022. Karibu miaka miwili! Sisi wa majeshi ndio tuliosimama barabarani kuhakikisha amri inafuatwa, na mshahara wetu uliendelea kuingia. Mpiga besi hakuwa na mshahara. Wako waliouza vyombo vyao. Tukiwa tulimfungia mlango kwa ajili ya afya ya taifa, basi mlango ulipofunguliwa tuna deni kwake: kulipa kiingilio bila kuonyesha kitambulisho cha kazi, kumtunza akipiga vizuri, na kumwacha apige. Mcheza kwao hutunzwa.

Hatusahau pia usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu walipokusanyika kutazama fainali ya Kombe la Dunia katika mgahawa wa Kihabeshi huko Kabalagala na katika klabu ya raga ya Kyadondo. Mabomu ya magaidi wa al-Shabaab yaliua watu zaidi ya 70. Hawakuwa wamebeba silaha. Walikuwa wamebeba glasi, soda na bendera. Tangu usiku ule, askari anayesimama mlangoni pa mahali pa starehe analinda kitu kikubwa kuliko viti na chupa. Analinda haki ya mwananchi kucheka jioni bila hofu. Inakuwaje basi hofu ile ile tuizuie mlangoni kwa adui, kisha tuiingize wenyewe kwa mkono uendao kiunoni?

Wako watakaotuambia kwamba dawa ni moja tu, askari asikanyage baa kabisa. Hoja hiyo ina uzito, na wenzetu wasiokunywa kwa imani zao au kwa hiari yao tunawaheshimu. Wao huja kwa ajili ya muziki, hukaa na soda yao, na mara nyingi ndio wanaoturudisha kambini salama. Lakini twaona kwamba marufuku ya jumla haitamwondoa askari kwenye pombe. Itamwondoa kwenye macho ya watu. Atakwenda uchochoroni kunywa gongo isiyojulikana imetoka wapi, na sote twakumbuka jinsi mwaka 2010 makumi ya watu walivyokufa huko Kabale kwa pombe yenye sumu. Heri akae hadharani, katikati ya wazee na akina mama, chini ya taa, penye muziki. Macho ya watu wenye heshima ni ulinzi mzuri.

Wengine watasema kwamba tumelikuza jambo la koplo mmoja aliyelewa. La. Raia hakumwona koplo mmoja. Aliliona jeshi zima limesimama mbele ya bendi likiwa halijimudu. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya uhusiano na umma twaweza kuandika taarifa mia moja, na mkono mmoja kiunoni ukazifuta zote kwa dakika moja. Pia raia waliokuwapo walimwona yule sajini. Aliyelipa hesabu na kuomba radhi alifanya kazi yetu ya uhusiano kuliko sisi.

Kwa hiyo twatoa rai kwa wenzetu wa majeshi yote. Silaha na sare vibaki kambini. Bunduki na chupa havikai meza moja. Kila kitu kilipwe, bia na muziki pia, na mhudumu aitwe dada, maana ni dada wa mtu. Anayeona mwenzake amezidiwa amwondoe kabla hajaonywa na raia, kama sajini alivyofanya. Na makamanda wetu, twawaomba kwa heshima, wazialike bendi za mtaani kambini siku za mapumziko, kwa malipo yaliyopatanwa, ili wake zetu na watoto wetu nao wapate sehemu ya starehe ambayo mara nyingi tunaila peke yetu.

Wiki kadhaa baadaye tulirudi katika baa ile ile. Yule mzee alikuwa pale pale, na safari hii tulimwambia sisi ni nani. Alitutazama kitambo, kisha akasogeza kiti chake kutupisha tukae. Bendi ilikuwa inapiga, na hakuna aliyegeuka kututazama. Heshima ya askari katika mahali pa starehe ndiyo hiyo hasa: kuingia, na muziki usikatike.